Hesabu Mpaka Thelathini

4 Machi

Kaka,

Natumaini dereva wa lori la vyuma hataikalia hii kama ile ya mwisho, iliyokufikia na alama ya kikombe. Laiti wasingewanyang'anya simu pale getini tungekuwa tunaongea kama watu wengine, lakini ndiyo hivyo, tutaandikiana kama wazee wa zamani.

Sisi wazima. Mtoto mdogo wa Dada anadai ang'olewe jino kwa sababu la mkubwa limeng'oka. Mkubwa bado hagusi ngazi. Shule imebidi wamhamishie darasa lililo ghorofa ya chini, maana kila asubuhi alikuwa anakaa kwenye kipandio cha kwanza cha ngazi na kulia. Saa uliyotuletea kutoka melini inatembea ukutani jikoni na inapiga kelele kama mtu anayetafuna karanga. Dada kaizoea. Mimi nimehamia sebuleni kwa sababu yake.

Sasa nina shida na wewe, tena shida ya kazi. Najua wenzako wakikuuliza unawaambia mdogo wako "yuko kwenye kompyuta", basi. Tunatengeneza gemu, Kaka. Yetu inaanza na mtu aliyetupwa ufukweni bila kitu. Lazima apate maji, ajenge kibanda, asife kwa baridi. Pale ufukweni tumeweka meli zilizokwama, kubwa, zimeliwa na kutu, za kupendezesha macho tu. Wachezaji wametuandikia kwa mamia. Wanauliza inakuwaje chuma chote kile kimelala mbele yao na hawawezi kuchukua hata msumari. Wanataka kuzibomoa, watumie vyuma na mbao zake kuishi. Bosi kanipa mimi kazi hiyo, kwa kuwa nilijitia kimbelembele nikasema kaka yangu ni mkata meli.

Basi niambie. Mtu anaanzia wapi? Nini kinatoka kwanza? Nini kinaua? Niandikie kama unamwelekeza mgeni aliyefika yadi leo asubuhi. Nimepewa mpaka mwisho wa Juni.

Dada kaniambia niandike maneno yake bila kuyapaka sukari: "Mwulize anakuja lini." Tangu tumzike Shemeji, mumewe, hujakanyaga hapa, miaka miwili sasa. Watoto wanamjua mjomba wao kwa picha.

Mdogo wako,
Kitinda


19 Machi

Kitinda,

Barua imefika. Safari hii alama ni ya grisi.

Nimewasomea wenzangu bwenini, na fundi wa winchi kacheka mpaka akakohoa. Yaani kuna watu wameketi kwao, wameshiba, halafu wanajifanya wanakata meli? Waambie waje. Nafasi zipo, na kofia tutawagawia.

Lakini umeuliza, nami nitakujibu. Meli haishambuliwi popote unapotaka. Kwanza ndani: magodoro, viti, vioo, masinki, sahani. Hivyo vinauzwa nje ya geti kabla meli haijapoa. Kisha mashua za kuokolea watu. Kisha nyaya, maana ndani mna shaba. Ndipo sisi wakataji tunapoanza na moto wa gesi, na tunaanzia puani, kwa sababu pua ndiyo iliyopanda mchangani. Tunaikata vipande vikubwa kama ukuta wa nyumba, vinaanguka, winchi inavivuta nchi kavu. Meli ikipungua uzito, maji yakijaa tunaivuta tena mbele. Injini inatoka mwisho. Meli inakuja yenyewe kukatwa, hatua kwa hatua. Usilifikirie sana hilo wakati unakula.

Kinachoua ni kinachoanguka, kwanza. Waya wa winchi ukikatika hauchagui mtu. Ile pamba nyeupe ya asbesto iliyofungwa kwenye mabomba inaua taratibu, inakusubiri ustaafu. Na matangi.

Hapa sasa nisikilize, hata ukiacha mengine yote. Chini ya tangi hubaki matope ya mafuta, na matope hayo yana gesi. Kuna watu kazi yao ni kushuka mle na kikwanguo kuyakwangua, ili sisi tukate salama. Kwa hiyo kabla hujakata ukuta wowote wa chuma, unagonga. Mara tatu, kwa nyundo, kwa nguvu. Unaweka sikio, na unahesabu mpaka thelathini. Hesabu ya mtu anayepanda na mzigo, si ya mtu anayekimbilia chakula. Kwa sababu mkwanguaji yuko chini kabisa, kainama, kajifunga kitambaa usoni, haoni mbele. Mpaka asikie, aelewe mlio umetokea upande gani, anyooke, atafute mahali pa kupiga, muda umekwenda. Akijibu anapiga mara mbili kwa kikwanguo. Ukisikia mbili, unakaa chini na kumngoja atoke. Ukifika thelathini kimya, unawasha moto.

Haijaandikwa mahali popote. Mkataji hufundishwa na mkataji. Mimi nilifundishwa kwa kofi.

Mwambie Dada nitakuja mambo yakitulia. Meli tuliyonayo sasa ni kubwa.

Kaka yako


2 Aprili

Kaka,

Umeniokoa. Barua yako nimeibandika juu ya meza yangu kazini, na mchoraji anapita kuisoma kila akienda kuchota maji. Tumefuata utaratibu wako wote: magodoro, mashua, nyaya, pua, injini. Waya wa winchi unakatika kwa bahati nasibu. Pamba nyeupe tumeiweka pia. Mchezaji akiikusanya kujifunika baridi, siku ishirini baadaye anaanza kukohoa. Bosi kasema ni ukatili mtupu, kisha akasema iachwe.

Ila kinachozungumzwa ni kugonga. Unabonyeza, nyundo inalia mara tatu, halafu kila kitu kinanyamaza sekunde thelathini. Upepo tu. Bosi aliuliza, "Kwani nyuma ya ukuta kuna nani?" Nikamwambia hakuna mtu. Akasogea mbali na meza. Sasa ofisi nzima imeharibika, mtu haingii msalani bila kugonga mara tatu na kuhesabu kwa sauti, na aliye ndani anajibu mbili.

Nilimsomea Dada barua yako. Alikuwa anapiga pasi nguo za shule. Nilipofika kwenye wakwanguaji akaniuliza, "Si ndiyo kazi aliyokuwa anafanya Shemeji yako? Naye alikuwa akigongewa?" Nikamwambia bila shaka, lakini yeye alianguka ngazi, hayahusiani. Akasema, "Najua alianguka ngazi." Pasi akaiacha pale pale. Sketi ya mkubwa imeungua alama ya pasi kamili, ncha na yote.

Hebu nisimulie mtu mmoja aliyejibu. Nataka kujua inakuwaje.

Kitinda


15 Aprili

Kitinda,

Ndiyo, alikuwa akigongewa. Wote hugongewa.

Waliojibu ni wengi. Wanatoka weusi tii, macho tu ndiyo meupe, wanakutukana kwanza halafu wanakuomba maji. Hamna cha kusimulia zaidi ya hapo. Mtu anajibu, anatoka, anakunywa maji.

Nina ombi, na sijawahi kukuomba kitu tangu uanze kazi hiyo. Weka mtu. Mmoja tu, kwenye gemu nzima, nyuma ya ukuta mmoja. Mchezaji akigonga na kusubiri, ajibu mara mbili, atoke, aende zake. Si lazima aseme kitu. Si lazima atoe zawadi. Aende tu zake. Na asiposubiriwa, basi, wewe unajua kinachotokea.

Mwambie bosi wako ni mkata meli anayeomba.

Kaka yako


9 Mei

Kaka,

Mtu wako yupo.

Bosi alikataa, nikabisha. Akakataa tena, mchoraji akanisaidia. Tumemweka meli ya saba, tangi lililo chini ya injini. Mchoraji kamvalisha sweta kwa sababu alimwonea huruma na baridi ya mle. Anajibu kwenye sekunde ya ishirini na tatu, maana nilifuata ulivyoniambia: asikie, aelewe, anyooke, atafute mahali.

Tatizo likawa sauti. Kijana wetu wa sauti alijaribu kijiko, akajaribu bomba, akajaribu mfuniko wa sufuria, vyote vikasikika kama mtu anaosha vyombo. Nikayasema nyumbani wakati wa kula, kwa kulalamika tu. Dada akainuka, akaingia chumbani, akarudi na kikwanguo cha Shemeji. Kile kilichorudi na vitu vyake. Sikujua alikuwa nacho chini ya kitanda muda wote huo.

Kesho yake alikuja nacho ofisini. Nyuma ya jengo kuna tangi kuukuu la maji. Alipiga mara mbili, kijana wa sauti akamwambia inatosha, mama, imeingia. Dada akasema, "Haijatosha. Yeye alikuwa na mkono mzito." Akapiga tena, na tena, mpaka aliporidhika mwenyewe. Kisha akakifunga kwenye kanga yake akaondoka bila kuaga mtu.

Kwa hiyo anayejibu mle ndani ni chuma cha Shemeji na mkono wa Dada. Niliona ujue.

Kitinda


28 Juni

Kaka,

Gemu imetoka. Tumelala ofisini wiki nzima, naandika haya macho yanafumba. Watu wanaipenda. Wanabomoa meli kama mchwa, kuna mmoja kajijengea nyumba ya ghorofa kwa milango ya vyumba vya mabaharia.

Vitu vingine vimebanwa kidogo mwishoni kwa ajili ya muda, ndivyo kazi hizi zilivyo. Mtu wako yumo. Lakini usihangaike sana kumtafuta ukipata nafasi ya kucheza, si kila mchezaji atampata.

Dada hajambo. Watoto hawajambo.

Kitinda


20 Julai

Kitinda,

Mjini kuna duka la kompyuta, viti sita na feni moja. Siku ya mapumziko nachukua simu yangu getini, siipigi, naenda huko moja kwa moja. Mwenye duka aliniuliza kama nimekuja kurekebisha mlango. Nikamwambia nimekuja kucheza gemu ya mdogo wangu. Akanifundisha kushika kipanya. Anasema nakishika kama nataka kukikata.

Mmefanya kazi. Kutu ile ni ya kweli. Kuna mahali kwenye meli ya tatu mlango umepinda vile vile milango inavyopinda. Nimekufa kwa baridi mara nne na kwa waya wa winchi mara moja, na kile kifo cha waya nilikistahili.

Nimeona hamkuweka kile cha kumlazimisha mtu asubiri. Mwanzoni nilishangaa, nikafikiri, nikaelewa. Nyundo ipo, anayetaka kugonga atagonga, anayetaka kusubiri atasubiri. Ndivyo ilivyo hata huku. Hiyo ni akili.

Nilikwenda kwanza meli ya saba, chini ya injini, kama ulivyoandika. Nikagonga, nikahesabu. Kimya. Nikacheka, nikasema Kitinda kamhamisha ili nisimpate kwa kuambiwa. Tangu hapo nagonga kila ukuta wa kila meli, na kila ukuta nauhesabia thelathini kamili. Wanaosubiri kiti nyuma yangu wameshanipa jina, wananiita Mzee Hodi. Kuna mama mmoja anayekuja kuchapa barua, kila nikifika ishirini anaacha kuchapa na kutega sikio pamoja nami.

Zimebaki meli mbili. Nimejiwekea ahadi, nakwambia wewe ili nisiivunje: nikimsikia akijibu, nitakuja nyumbani. Siku hiyo hiyo, hata bila kuaga yadi. Nitaketi na Dada.

Mmemficha vizuri.

Kaka yako


2 Agosti

Kaka,

Acha kumtafuta. Hayumo.

Nilikudanganya, na nimekaa na barua yako siku sita. Nitasema kilichotokea.

Tulipokaribia kumaliza tuliita watu kumi na wawili waje kujaribu gemu. Hakuna aliyesubiri. Wanagonga, inanyamaza, wanaanza kubonyeza kila kitu. Mmoja alivua spika za masikio akatuuliza kama mashine imeganda. Bosi akasema sekunde thelathini ni uzee, watu watazima waende kucheza kitu kingine. Tukaziweka kumi. Kumi walivumilia.

Ila mtu wako nilikuwa nimempangia ishirini na tatu, na kwa haraka ile nikasahau kumbadilisha. Kwa hiyo walisubiri kumi, wakawasha moto, wakakata, na katikati ya kukata wakasikia mbili. Wote waliofika meli ya saba walimuua, Kaka, na hakuna aliyejua. Kwenye karatasi za maoni waliandika: kuna kelele ya ajabu inatokea wakati wa kukata, rekebisheni. Watatu waliandika hivyo hivyo.

Ningeweza kumrudisha akajibu mapema. Niliomba. Bosi akasema hatuna siku hizo, toa kusubiri kote, toa na hiyo kelele. Nikaifuta mimi mwenyewe. Ilichukua muda mfupi kuliko kuandika sentensi hii.

Nikakuficha kwa sababu ulikuwa hujawahi kuniomba kitu. Nikadhani utacheza mara moja, utachoka, yataisha. Sikujua utahesabu. Kila nikiwaza umekaa kwenye duka lile na watu wanakucheka, najichukia.

Dada sijamwambia. Anaamini mkono wake umo mle ndani.

Toka kwenye duka hilo, tafadhali. Na uje nyumbani hata hivyo. Kwani kuja kwako kunahusiana nini na mtu wa kwenye gemu?

Kitinda


1 Septemba

Kitinda,

Sikukasirika. Nataka ulijue hilo kabla ya mengine.

Wale watu wako waliandika kelele ya ajabu. Mimi nilijiambia ni chuma kinajinyoosha kwa joto.

Shemeji hakuanguka ngazi. Siku ile tulikuwa tunakata ukuta wa tangi, maji yalikuwa yanapanda, winchi imeshafungwa kwenye kipande, na nyapara anapiga kelele kwamba wakwanguaji wote wameshatoka, tukiwahi maji tutakivuta, tukichelewa ni mpaka kesho. Niligonga. Nisikilize vizuri, niligonga mara tatu kama nilivyofundishwa. Nikaanza kuhesabu. Nyapara akasema, "Unahesabu nini, si nimekwambia wametoka?" Nilikuwa nimefika kumi na moja. Nikawasha moto.

Nilijua nani yuko zamu ya tangi lile. Nilimwona akishuka asubuhi. Nilimpa kitambaa changu kwa sababu chake kilikuwa kimelowa. Mimi ndiye niliyemtafutia kazi ile, nikamwambia Dada asiwe na wasiwasi, nitakuwa upande wa pili wa ukuta.

Alijibu. Nilisikia mbili, moto ukiwa tayari ndani ya chuma. Kisha mbili tena, za haraka. Ningezima pale pale. Labda isingesaidia, gesi ya mle ndani haingoji mtu. Lakini sikuzima. Niliendelea upana wa kiganja, nikijiambia ni chuma, ni chuma, na mkono wangu unajua kwamba si chuma. Ndipo tangi likalipuka kwa kishindo.

Nyapara alileta karatasi inayosema ameanguka kutoka kwenye ngazi. Yadi iliyokata tangi huku mtu yumo ndani hufungwa, na watu mia tatu wangekosa kazi, ndivyo alivyoniambia. Nikatia saini kama shahidi. Ndiyo maana mliambiwa sanduku lisifunguliwe, na aliyewaambia ni mimi.

Saa iliyo jikoni ni ya meli ile. Ilikuwa jikoni kwa mabaharia. Sijui nilifikiri nini kuileta. Nilitaka kitu kutoka kule kifike kwenu, na yeye nilishindwa kumfikisha.

Umeniuliza kuja kwangu kunahusiana nini na mtu wa kwenye gemu. Nilitaka pawe na mahali pamoja ambapo anagongewa, anasubiriwa, anatoka. Nikishamwona anatoka, nilidhani nitaweza kusimama mbele ya Dada. Huo ndio upumbavu niliokutuma uufanye, na wewe hukukosa lolote. Ulipunguza thelathini ikawa kumi kwa sababu ulisukumwa, lakini nyuma ya ukuta wako hakukuwa na mtu.

Msomee Dada barua hii. Usiifupishe, usimpunguzie makali. Mimi uso wa kumtazama sina.

Kaka yako


24 Septemba

Mdogo wangu,

Naandika mwenyewe. Mkono wangu si wa barua, utauvumilia.

Kitinda alianza kunisomea, akafika kwenye kitambaa, akashindwa. Nikachukua karatasi nikamalizia. Kisha nikaenda kuanua nguo, kwa sababu mvua ilikuwa inakuja na sikujua jambo jingine la kufanya.

Siku ya tatu nilimwuliza Kitinda kama yule mtu amefutika kabisa. Akaniambia kwenye kompyuta yake ya nyumbani anayo gemu ya zamani, kabla hawajaikata. Nikamwambia aifungue, anionyeshe pa kubonyeza, halafu atoke na afunge mlango. Nikaweka saa yako mezani mbele yangu. Nilitaka kuhesabu kwa saa ya meli ile.

Niligonga. Nikahesabu.

Mdogo wangu, thelathini si kitu. Kwa jinsi wale wa ofisini walivyolalamika, nilidhani ni muda wa mtu kuchoka. Ni muda wa kufunga kamba za viatu vya mtoto, cha kushoto na cha kulia. Nazifunga kila asubuhi, nimezipima sasa kwa saa. Wewe ulifika kumi na moja. Hata kiatu kimoja hujamaliza.

Alijibu kwenye ishirini na tatu. Najua ni mkono wangu, nilipiga mwenyewe nyuma ya jengo lao, lakini nilinyanyuka kwenye kiti. Akatoka na sweta lake, akatembea ufukweni kwenda zake, amenipa mgongo. Nilimwita. Kitinda anasema hawezi kugeuka, hawakumtengenezea uso.

Nimekuchukia siku nyingi kwa kutokuja, nikidhani umetusahau. Sasa nakuchukia kwa sababu nyingine, na nalia kwa ajili yako pia, sijui niviweke wapi vyote viwili. Sijakusamehe. Usiandike kuniomba.

Lakini kuna hili. Mtoto wangu mkubwa anaogopa ngazi. Miaka miwili hajapanda ngazi, amehamishwa darasa, wenzake wanamcheka, kwa sababu tulimwambia baba yake alianguka ngazi. Ngazi haikumfanya kitu baba yake. Mtoto anaogopa kitu ambacho hakipo, na ni saini yako iliyokiweka. Hilo mimi siwezi kumwondolea, wala Kitinda. Utakuja kulitoa wewe, kwa mdomo wako, umwambie alikufaje, naye akutazame unapomwambia.

Saa nimeifunga kwenye gazeti. Iko karibu na mlango, utaondoka nayo.

Ukifika, gonga mara tatu. Siahidi kwamba nitafungua. Huenda nikakaa upande wa pili nikakusikiliza tu, kwa kuwa sijui siku hiyo nitakuwa na moyo gani. Lakini safari hii utahesabu mpaka thelathini.

Dada yako